Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 9: Bibi Halima, mama aliyekosa maziwa



Ndugu zangu waumini wa Mpanda mjini, na nyinyi mnaotusoma kutoka Inyonga, Karema, Mishamo na Majimoto, saumu njema. Mwenyezi Mungu atutakabalie.

Kila Ramadhani maswali ya kina mama wanaonyonyesha ni mengi. Maziwa yamepungua, afanyeje. Afunge au asifunge. Mtoto analia usiku kucha na mama mkwe anasema maziwa yenyewe ni mepesi, apewe uji. Maswali haya mengi huja usiku, na ukiyasoma unaona kabisa kwamba aliyeandika ana uchungu na anajiona ameshindwa umama.

Leo tutawajibu kwa maisha ya mwanamke mmoja. Jina lake tunalisikia kila inaposomwa Barzanji, lakini wengi wetu tunalipita haraka kwa sababu tunamsubiri Mtume (S.A.W) akue. Leo tusilipite. Huyu ni Bibi Halima Saadia (R.A).

*Halima ni nani*

Ni Halima binti wa Abu Dhuaib, wa ukoo wa Bani Saad bin Bakr, tawi la kabila kubwa la Hawazin. Kwao ni bara, upande wa Taif. Mume wake aliitwa Harith bin Abdul-Uzza. Walikuwa na watoto: Abdallah, Unaisa, na binti aliyejulikana zaidi kwa jina la Shaimaa. Hawakuwa watu wa mali. Walikuwa wafugaji, na mfugaji mvua ikikata naye amekatika.

Waarabu wa mjini Makka walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao wachanga bara wakanyonyeshwe na kulelewa huko. Hewa ilikuwa safi, maradhi machache, na Kiarabu chake fasaha. Kwa hiyo wanawake wa Bani Saad walikuwa wakishuka Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha, na baba wa mtoto huwapa chochote. Ilikuwa kazi ya halali iliyolisha familia.

*Safari ya mwaka wa njaa*

Mtume wetu (S.A.W) alizaliwa mwaka wa Tembo, yapata mwaka 570 Miladia. Baba yake Abdallah alikuwa amekwisha kufariki. Wa kwanza kumnyonyesha baada ya mama yake Amina alikuwa Thuwaiba, mjakazi wa Abu Lahab, aliyewahi pia kumnyonyesha Hamza. Ndiyo maana Hamza, pamoja na kuwa ami yake Mtume, alikuwa pia ndugu yake wa kunyonya.

Wanachuoni wa sira, akiwemo Ibn Ishaq, wametusimulia kwamba mwaka ule bara kulikuwa na ukame mkali. Sisi watu wa Katavi hatuhitaji kuelezwa sana. Tunajua mwezi wa tisa na wa kumi, Mto Katuma unapobaki madimbwi, viboko wanabanana kwenye tope, na ng'ombe wanarudi jioni mbavu zinahesabika. Katika hali kama hiyo Halima na Harith waliondoka kwao pamoja na wanawake wenzao. Walikuwa na punda jike aliyedhoofika kiasi cha kuuchelewesha msafara mzima, na ngamia jike mzee asiyetoa hata tone la maziwa.

Na kifuani Halima alikuwa na mwanawe mchanga. Mtoto huyu alikuwa halali usiku kwa njaa, na wazazi nao hawalali kwa kilio chake. Ziwa la mama halikuwa na cha kumshibisha. Kiwele cha ngamia nacho kilikuwa kitupu.

Mama yangu unayesoma ujumbe huu saa nane za usiku mtoto akiwa mapajani, soma tena hapo. Mwanamke aliyekuja kumnyonyesha Mtume wa Mwenyezi Mungu alikuwa mwanamke ambaye mwanawe mwenyewe alilia njaa kifuani mwake. Hakuwa mvivu wala mzembe, na hapakuwa na laana juu yake. Alikuwa na njaa, amechoka, yuko safarini na halali. Mwili wa mama una haki zake, na usipozipata unasema.

Kuna jambo jingine la kulitazama. Katika masimulizi ya safari ile Harith hatumwoni akimlaumu mkewe. Hatumwoni akimuuliza amefanya nini hata maziwa yakakauka. Huku kwetu mtoto akikonda tu maneno yanaanza: mama amembemenda. Mke anatiliwa shaka, mume anasemwa, na mtoto mgonjwa anaachwa bila kupelekwa hospitali kwa sababu watu wazima wanatafuta wa kumtupia lawama. Jamani, jambo hili Mtume wetu (S.A.W) alilishughulikia. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba alifikiria kuwakataza waume kuwaendea wake zao wanaonyonyesha, kisha akawatazama Warumi na Wafursi, akaona wanafanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, basi hakukataza. Alitazama hali halisi ndipo akaamua. Mtoto akikonda, mpeleke kliniki.

*Yatima aliyekataliwa*

Walipofika Makka, kila mwanamke alionyeshwa mtoto wa Amina, na kila mmoja alipoambiwa ni yatima alirudi nyuma. Walitarajia kulipwa na baba, na huyu baba hana. Wote wakapata watoto wengine. Halima akabaki hana mtoto.

Nadhani si vigumu kuelewa kwa nini naye hakupata. Nani angempa mtoto mwanamke ambaye wake mwenyewe analia njaa? Yatima alikataliwa kwa kukosa baba, na yeye hali yake ilionekana kwa macho. Msafara ukikaribia kuondoka akamwambia mumewe kwamba anaona vibaya kurudi mikono mitupu, atakwenda kumchukua yule yatima. Harith akamkubalia, akataraji kwamba huenda Mwenyezi Mungu akawatilia baraka kwake.

Halima akampakata mtoto, akamweka kifuani. Maziwa yakaja. Mtoto akanyonya akashiba, na ndugu yake wa kunyonya akanyonya akashiba, wakalala wote wawili. Harith akainuka kumwendea yule ngamia mzee, akakuta kiwele kimejaa. Akakama, akanywa yeye, na Halima akanywa hadi akatosheka. Usiku ule familia nzima ikalala.

Hii ni baraka ya Mtume (S.A.W), na hatuipunguzi. Lakini mafunzo hayakatazwi, na hapa yapo mawili makubwa.

La kwanza: maziwa yalikuja mtoto alipowekwa kifuani. Hakusubiri yajae ndipo anyonyeshe. Na hii ndiyo kawaida ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka katika mwili wa kila mama. Muulize nesi yeyote wa kliniki atakwambia: mtoto akinyonya mara nyingi, maziwa yanatengenezwa mengi, na kunyonyesha usiku kunasaidia zaidi. Ukimpa maji na uji, tumbo lake dogo linajaa, ananyonya kidogo, na mwili wako unaelewa kwamba kazi imepungua. Wiki inayofuata maziwa yamepungua kweli, halafu tunasema tulijua tu maziwa yake hayatoshi. Kumbe uji ndio ulioyapunguza.

La pili: Harith ndiye aliyekama. Mke alimpakata mtoto, mume akaenda kutafuta cha kumlisha mke. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, ametaja mama kunyonyesha miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza, na papo hapo akaweka juu ya baba chakula na mavazi ya mama huyo kwa wema. Baba zangu, aya hiyo haikumkabidhi mama peke yake kazi ya kumnyonyesha mtoto. Anayetaka mwanawe ashibe amlishe mama yake.

*Miaka ya bara*

Safari ya kurudi, yule punda dhaifu aliwapita wenzake hadi watu wakamshangaa. Nyumbani ardhi ilikuwa bado kavu, lakini mbuzi na kondoo wa Halima walirudi jioni wameshiba na wana maziwa, hadi majirani wakawaagiza wachungaji wao wachunge pale anapochunga mchungaji wa Halima.

Alimnyonyesha kijana huyu miaka 2, kisha akamwachisha ziwa akiwa ameshakuwa imara kuliko rika lake. Akamrudisha kwa Amina kama walivyopatana, huku moyo wake haupendi kuachana naye. Akamwomba mama yake amwache kidogo, akihofia maradhi yaliyokuwa Makka. Amina akakubali.

Muda kidogo baadaye likatokea tukio la kupasuliwa kifua, malaika wakausafisha moyo wake. Halima na mumewe wakaingiwa na hofu, wakamrudisha Makka. Mtume alipofikisha miaka 6 Amina naye akafariki pale Abwaa. Akabaki hana baba wala mama wa kumzaa. Lakini kule bara alikuwa bado na mama.

*Maziwa hayakusahauliwa*

Miaka ikapita. Mtume (S.A.W) akamwoa Bibi Khadija (R.A). Bara kukawa na ukame tena, Halima akaja Makka kumweleza shida yake. Imesimuliwa kwamba Mtume alizungumza na Bibi Khadija, naye akampa kondoo 40 na ngamia wa kupanda. Tazama mke mwema anavyomheshimu mama wa kunyonya wa mumewe.

Sasa njoo mwaka wa 8 Hijria. Mwezi kama huu, mwezi wa Ramadhani, Makka ikafunguliwa. Shawwal yake vikatokea Vita vya Hunain, na waliopigana na Waislamu walikuwa Hawazin, kabila la kina Halima. Walishindwa. Wanawake na watoto wao wapatao 6,000 wakachukuliwa mateka.

Miongoni mwao alikuwamo Shaimaa, yule binti wa Halima aliyekuwa akimsaidia mama yake kumbeba Mtume mgongoni. Sasa alikuwa mtu mzima. Akasema yeye ni dada yake Mtume, hawakumwamini hadi alipofikishwa mbele yake. Akamwonyesha alama ya meno mgongoni, aliyomng'ata utotoni alipokuwa amembeba. Mtume akaitambua. Akamtandikia shuka yake akamkalisha juu yake, akamhiarisha: akae naye kwa heshima au arudi kwa watu wake. Akachagua kurudi, akaondoka na zawadi.

Kisha wakaja wajumbe wa Hawazin wakiwa wamesilimu. Hawakuwa na jeshi wala fidia. Walichokuwa nacho ni hoja moja: kwamba ndani ya zile nyua za mateka wamo mama zake wadogo na shangazi zake wa kunyonya, na waliompakata akiwa mtoto. Mtume (S.A.W) akaachia fungu lake na la Bani Abdul-Muttalib. Muhajirina na Ansari walipoona hivyo wakaachia la kwao. Wachache waliosita akawaahidi fidia. Mateka wote wakarudi makwao.

Ndugu zangu, hesabuni wenyewe. Maziwa aliyotoa mwanamke mmoja maskini, mwaka wa njaa, zaidi ya miaka 50 nyuma, ndiyo yaliyotumika kuwaombea uhuru watu 6,000. Yeye alitaka tu asirudi mikono mitupu.

Na katika Sunan Abi Daud imepokewa kwamba mwanamke alimjia Mtume pale Ji'rana, akamtandikia shuka yake akakaa juu yake. Watu wakauliza ni nani huyu anayepewa heshima hii. Wakaambiwa ni mama yake aliyemnyonyesha. Hicho ndicho cheo cha mnyonyeshaji katika dini yetu.

*Sasa turudi kwenye nyumba zetu*

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wakati huo hakuna mkoa uliotuzidi. Maana yake ni kwamba mzazi wa kwanza hapa kwetu mara nyingi ni binti mdogo, yeye mwenyewe bado anahitaji mama. Ukimfokea hutamwongezea maziwa. Maumivu na wasiwasi huyazuia yasishuke. Mkalishe, mpe uji yeye, mshikie mtoto alale saa mbili.

Haya ndiyo tunayoelekezwa na wataalamu wa kliniki, na hayapingani na dini:

1. Mtoto awekwe kifuani ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, ni dang'a. Si machafu. Ni kinga yake ya kwanza, yasikamuliwe kumwagwa.

2. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, bila maji, hata kwenye joto letu hili. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Dawa akiandikiwa na daktari atapewa.

3. Ukubwa wa titi si kipimo cha maziwa. Maziwa kuonekana mepesi pia si kasoro. Kipimo ni mtoto: baada ya siku za mwanzo akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi, anashiba. Mtoto hulia kwa mambo mengi, si njaa tu.

4. Chuchu zikiuma au kupasuka, mara nyingi ni mkao. Mtoto ashike sehemu kubwa ya weusi wa titi, si ncha peke yake. Mwambie nesi akuonyeshe, usione haya.

5. Unayekwenda shamba la tumbaku au dukani, kamua kwa mikono safi kwenye kikombe safi chenye mfuniko, anyweshwe kwa kikombe ndani ya saa chache. Mwenye ajira ajue kwamba sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha.

6. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa na homa, degedege, au amelegea haamki, hiyo si ya kusubiri kupambazuke. Hospitali. Na titi la mama likivimba, likawa jekundu na ana homa, naye aende.

*Kuhusu saumu*

Mwenyezi Mungu amemwondolea anayenyonyesha uzito wa saumu kama alivyomwondolea msafiri. Ukiwa na nguvu na mtoto anashiba, funga, kunywa sana kuanzia futari hadi daku. Ukiona unaishiwa nguvu, au maziwa yanapungua na mtoto anaathirika, fungua. Kwa madhehebu yetu ya Shafi: ukifungua kwa kujihofia nafsi yako, au nafsi yako pamoja na mtoto, unalipa siku tu. Ukifungua kwa kumhofia mtoto peke yake, unalipa siku na kutoa kibaba kimoja cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Kulipa kunasubiri hadi uweze. Asikuambie mtu kwamba saumu yako imeharibika au imani yako ni ndogo. Ruhusa imetoka kwa yule yule aliyefaradhisha.

*La mwisho, kunyonyesha mtoto wa mwenzio*

Ikitokea mama amefariki au ni mgonjwa, na mwingine akajitolea kunyonyesha, mapokezi yake ni kama ya Halima. Lakini kwanza mpite kliniki, mnyonyeshaji apimwe maambukizi. Na mwenye virusi asimkatize mtoto wake ziwa kwa kujiamulia. Atumie dawa zake na afuate maelekezo anayopewa huko. Kisha andikeni jina: nani kamnyonyesha nani. Akinyonya mara 5 ndani ya miaka 2 ya mwanzo, huyo ni mtoto wako na watoto wako ni ndugu zake, hawaoani. Tusije tukasoma khutba ya nikaha ya kaka na dada kwa sababu wazee walisahau kusema.

*Kazi ya leo*

Leo kabla ya adhana ya magharibi, kila mmoja amtazame mama anayenyonyesha aliye karibu naye. Mume, hakikisha sahani yake ya futari inatangulia. Mama mkwe, usiku wa leo mpokee mtoto baada ya kunyonya ili mwenzio alale. Jirani, peleka bakuli la uji. Na wewe mama, mweke mtoto kifuani, tulia, sema bismillah. Halima naye alianzia hapo, akiwa hana kitu.

Ewe Mola wetu, wape kina mama wetu afya na utulivu, wabarikie maziwa yao na vizazi vyao, walaze watoto wanaolia, warehemu waliotangulia wakiwa katika uzazi, na utujaalie waume wenye huruma. Utakabali saumu zetu. Amin.

Mwenye swali alilete baada ya tarawehe, au amtumie ustadhati wa darasa la kina mama. Msomee ujumbe huu na asiye na simu.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.